Tamasha la Bia au Shindano la Wapishi: Nauli ni Moja, Uende Wapi?

Tuko wanne tunaopika bia nyumbani kwa kujifurahisha, wawili Moshi na wawili Arusha, na kila mwaka tukivunja kibubu tunagombania jambo lilelile. Mmoja anataka twende tamasha tukaonje bia za watu. Mwingine anataka tutume chupa zetu shindanoni, wazionje watu wasiotujua. Hela haitoshi vyote viwili. Mimi nimeshafanya hiki na kile, na sitajifanya sina upande. Namwandikia yule mwenye sufuria la lita 30 na ndoo yenye mfuniko, ambaye ameshapika mara nne au tano, majirani wamemsifu, na sasa anataka kujua bia yake ina thamani gani nje ya geti lake.

Kwanza tuvitenganishe, maana watu wanavichanganya. Kote kuna bia, na kote kuna watu wenye ndevu wanaonusa glasi kama mama anavyonusa maziwa ya jana. Lakini tamasha ni bia za watu mdomoni mwako, na shindano ni bia yako mdomoni mwa watu.

Tamasha

Hapa Moshi ukitaja tamasha la bia utajibiwa, "Si tunalo, Kili Marathon?" Ni kweli, mbio zikiisha watu wanakunywa vizuri tu. Ila bia inayomwagika pale ni ya mdhamini, na mpishi wake humkuti ukamuuliza hamira ilichachia kwenye joto gani. Ninalolisema mimi ni lile ambalo viwanda vidogo, vya krafti, vinapanga meza na mpishi mwenyewe anasimama nyuma ya bomba. Unalipa kiingilio, unapewa kiglasi, unazunguka. Kwenye Great American Beer Festival, iliyoanzia Boulder, Colorado, mwaka 1982 na kuhamia Denver, unamiminiwa aunsi moja, kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Waingereza ni wakarimu zaidi: kwenye Great British Beer Festival ya chama cha CAMRA, iliyoanza mwaka 1977, ulikuwa unanunua painti nzima, nusu au theluthi.

Sisi wa kaskazini tunaangalia zaidi Nairobi. Toka Arusha ni kama kilomita 270, unavuka Namanga asubuhi na mchana umefika. Kule vimezaliwa viwanda vidogo kama 254 Brewing na Bateleur. Dar es Salaam kuna Crafty Dee's, lakini toka Moshi hiyo ni safari ya kutwa kwenye basi, na ukishuka, kiuno ndicho kinachodai bia ya kwanza.

Mara yangu ya kwanza tamashani niliharibu mwenyewe. Nilifika saa kumi na mbili jioni. Muziki ulishafunguliwa, foleni haisogei, na mpishi niliyemfuata kutoka nchi nyingine ananitegea sikio huku nampigia kelele "HAMIRA!" kama konda anayeita abiria wa Majengo. Akatabasamu, akanijazia kiglasi. Nikarudi nyumbani na fulana.

Mara ya pili nilifika saa saba mchana, wanafunga maturubai. Nikampata mpishi peke yake kwa dakika ishirini. Alinimiminia kiganjani vidonge vya hopsi, ua linaloipa bia uchungu na harufu, vya kijani kama chakula cha sungura, akaniambia nivisugue kwa viganja mpaka vipate moto. Harufu ikapanda: ganda la chungwa, halafu nyuma yake nyasi iliyokatwa asubuhi. Viganja vikanata ulimbo. Kisha akanipa kiglasi cha bia yake na kusema, "Haya, itafute humu." Nikaipata. Miaka miwili nilikuwa natupa hopsi sufuriani kwa kufuata dakika zilizoandikwa kwenye karatasi, na sikuwahi kujua ninatafuta nini.

Meza ya pili walikuwa na bia chachu. Walioionja mbele yangu walikunja uso. Mimi nilikumbuka mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ile ya siku ya pili, nikaomba tena.

Hicho ndicho tamasha linachokupa ambacho shindano haliwezi: kumbukumbu ya ladha. Kama maisha yako yote umekunywa lager ya dukani, halafu unapika stauti, ile bia nyeusi, au IPA, bia chungu ya hopsi nyingi, kwa kusoma tu, unapika kama mtu aliyesimuliwa pilau. Unaweza kupatia kila kipimo na usijue kama umepatia. Na kuna faida ndogo ambayo watu hawaisemi. Wapishi wa viwanda vidogo ni watu wa kutoa. Niliondoka na chupa ya mashapo ya hamira iliyofungwa kwenye mfuko wa barafu, na hiyo hamira nimeipikia mara tatu. Kwa mtu wa huku hilo si jambo dogo. Shayiri inalimwa West Kilimanjaro na Monduli, machoni petu kabisa, lakini kimea chake kinakwenda viwandani kwa tani, na mtu wa kilo 5 hajui agonge dirisha gani.

Udhaifu wake ni ulimi. Ukifika kiglasi cha kumi kila bia ni tamu na kila mtu ni ndugu yako. Viglasi 20 vya mililita 30 ni mililita 600, umepita chupa moja kubwa ya kwetu, na nyingi si bia za asilimia 5. Kula kwanza, tena ugali, si karanga. Maji kila baada ya meza mbili. Anza na nyepesi, malizia na nyeusi na chungu, maana ukianza na IPA kila kinachofuata kitakuwa maji. Daftari uwe nalo mfukoni, kwa sababu kesho yake utakumbuka rangi ya turubai tu. Na lala hukohuko.

Shindano

Kwenye shindano wewe huendi, inakwenda chupa. Unajaza fomu, unataja aina ya bia, unalipa ada, unapeleka chupa mbili au tatu. Mashindano mengi yanataka chupa ya kahawia isiyo na lebo, yenye kisoda kisicho na maandishi, au kama yapo uyapake wino mweusi. Karatasi ya namba unaifunga kwa mpira, huibandiki kwa gundi. Jaji hajui chupa ni ya nani, na hana sababu ya kukufurahisha.

Karatasi inayotumiwa zaidi duniani ni ya BJCP, chama cha majaji wa bia kilichoanzishwa Marekani mwaka 1985. Ina alama 50, na mgawanyo wake wenyewe ni somo: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, bia inavyokaa mdomoni 5, na jumla ya yote 10. Angalia hiyo tatu. Wenzangu wa Arusha walikuwa wanahangaika wiki mbili bia ing'ae kama chai ya rangi, kumbe wanapigania alama 3 na kuziacha 32 za pua na ulimi zijiendee.

Mchezo huu ulikua haraka Marekani kwa sababu ya sheria. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alisaini sheria iliyoruhusu kupika bia nyumbani bila kodi. American Homebrewers Association, chama cha wapishi wa nyumbani, ikaundwa Boulder mwaka huohuo, na shindano lao la taifa likaanza mwaka 1979. Uingereza walishafuta leseni ya mpishi wa nyumbani mwaka 1963. Afrika Kusini kuna klabu za siku nyingi, Wort Hogs kule Gauteng na SouthYeasters kule Cape Town, kama una ndugu wa kukubebea chupa.

Sasa yangu. Nilipeleka chupa tatu za bia nyepesi ya rangi ya dhahabu kwenye shindano dogo la klabu moja ng'ambo ya mpaka. Moja ililipuka kwenye buti la basi kabla ya Namanga. Basi halikuwa na kosa. Bia ilitakiwa ishuke mpaka 1.010 kwenye haidromita, kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki, mimi nikaifunga ikiwa 1.016 kwa sababu siku ya mwisho ya kupokea ilikuwa inanikimbiza, halafu juu yake nikaweka sukari ya kutia gesi. Nukta sita zile zikaendelea kuchacha ndani ya chupa. Mama mmoja begi lake lilinuka pombe mpaka khanga za ndani. Nilimlipia sabuni, na maneno aliyonipa niliyachukua bure.

Mbili zilizobaki zilifika. Nikapata 24 kati ya 50. Kwa kipimo cha BJCP, 21 hadi 29 inaitwa "nzuri", na hilo ni neno la adabu, kama mtu anavyosema mtoto wako "ana bidii". Jaji mmoja kwenye sehemu ya harufu aliandika: mahindi ya kuchemsha.

Nikafurahi! Nani hapa hapendi harufu ya mahindi ya kuchemsha? Niliwasomea wenzangu kwa sauti. Ilibidi mmoja wao aliyesoma zaidi aniambie kwamba hilo ni kosa, tena la kwenye kitabu. Kimea cha shayiri, hasa kile cheupe, kina kitu ambacho kikipata moto kinageuka DMS, na DMS inanuka hivyohivyo. Inatoka na mvuke. Mimi nilikuwa nafunika sufuria ili nibane gesi ya kupikia, mvuke unapiga mfuniko na kudondokea palepale. Ongeza na milima yetu: Moshi maji yanachemka kwenye karibu nyuzi 97, Arusha iliyo juu zaidi, kama mita 1,400, ni karibu 95. Chemko letu ni legevu kidogo. Siku hizi nachemsha wazi, na kimea kikiwa cheupe nakwenda dakika 90 badala ya 60.

Jaji wa pili aliandika siagi. Hiyo ni diasetili, na sababu ni haraka ileile: hamira huitoa, halafu hamira hiyohiyo huila ukiiachia siku mbili tatu za mwisho mahali penye joto kidogo. Mimi nilikimbilia kuipooza.

Bia hiyohiyo, toka ndoo hiyohiyo, ilinywewa kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, na watu wasiopungua kumi walinishika bega wakasema, "Hii kali, kaka." Mgeni wa kipaimara atakwambia nini? Amekula ng'ombe wako, anywe bia yako, halafu akutajie DMS? Hata mpishi wa tamasha ukimwonjesha chupa uliyoibeba kwenye begi atakusifu. Mistari miwili ya majaji ilirekebisha upishi wangu kuliko sifa zote hizo. Na gharama? Lita 20 zinatoa chupa kama 60 za mililita 330. Chupa tatu hata huzioni zilipotoka.

Lakini nisilipambe. Shindano linapima kama bia yako inafanana na aina uliyoitaja. Ukiita "pale ale", aina ya bia yenye uchungu wa hopsi, kitu kitamu chenye tangawizi, utapigwa hata kama kijiji kizima kinakipenda. Majaji nao ni watu. Karatasi zangu mbili zilipishana alama 5. Na ukiwa hujawahi kuonja bia nzuri ya aina hiyo, maelezo ya jaji yatakuwa kama yangu ya mahindi: unasoma, unashangilia.

Mbege inakaa wapi?

Swali hili hunipata kila nikikaa na watu wa Kibosho, na jibu langu haliwafurahishi. Mbege haifai kwa shindano la kutuma chupa. Ndizi mbivu zimechemshwa na kuachwa zichache, ulezi umeoteshwa, ukakaushwa, ukasagwa, ukapikwa uji, vimechanganywa, gome la msesewe limetia uchungu wake. Kitu hicho kiko hai, kinatembea. Kinanyweka siku yake na kesho yake, baada ya hapo kinakwenda kwenye siki. Ukikifunga kwenye chupa, kisa changu cha Namanga kitakuwa utani. Ukishikilia kuipeleka, kwenye miongozo ya BJCP ya 2021 ingiza kundi la 34C, bia za majaribio, na uandike wazi ndizi, ulezi na msesewe, ili jaji asidhani uchachu ni ajali. Vinginevyo pika bia ya ndizi kwa hamira safi, iishe kuchacha, ndipo uifunge. Banana Investments ya Arusha wanauza Raha yao kwenye chupa miaka mingi, kwa hiyo ndizi yenyewe haina tatizo na chupa.

Tamashani mbege ingependeza, kwenye kata, imechotwa ndooni asubuhi ileile. Hapo inaingia sheria. Kupika kwa ajili ya kunywa na wenzako ni jambo moja. Ukimimina kwa hela unahitaji leseni ya vileo, sheria yake ni ya mwaka 1968, na bia ya kiwanda ina habari za TBS na stempu za TRA. Kwa hiyo tamashani nenda kama mnywaji, au umsaidie mwenye leseni kumimina mezani kwake. Hiyo ya kusaidia naipenda sana: unakaa upande wa mpishi kutwa nzima, na hulipi kiingilio. Kukoroga gongo usijaribu hata kwa utani. Kuna sheria ya mwaka 1966 ya pombe ya moshi peke yake, na hapo moshi ni jina la pombe, si la mji wetu.

Basi uende wapi

Ungekuwa mdogo wangu, ningekuuliza swali moja: bia yako ya mwisho ina kosa gani? Ukinijibu "haina", au "sijui, lakini kuna kitu", nenda tamasha, saa ya kwanza. Huna bado ladha za kulinganishia, na karatasi ya jaji itakupita. Ukinijibu "nimeipika mara tatu, mwishoni inaacha ukakasi ulimini na sijui unatoka wapi", usipoteze nauli, tuma chupa. Anayependa watu na muziki ataniambia tamasha halihitaji sababu, na ni kweli, ila hapo hatuzungumzii upishi tena.

Kalenda nayo ina neno. Tamasha halijali ulipika lini. Shindano unalihesabu kwa kurudi nyuma: bia ya kawaida nipe wiki sita tangu sufuria mpaka kisoda, nisije nikarudia habari ya begi. Na huku joto linachagua aina kabla yako. Moshi mwezi wa Februari chumba changu kinapita nyuzi 30, na hamira ya kawaida ya ale inataka 18 hadi 22. Kipindi hicho natumia kveik, hamira ya mashambani kule Norwei, ambayo inafanya kazi vizuri kwenye 30 na kitu bila kulalamika, au napika saison, bia ya Ubelgiji inayovumilia joto. Wenzangu wa Arusha mwezi wa Julai wana baridi ya bure usiku, wanapata ale safi ambayo mimi siwezi bila friji. Kwa hiyo shindano likifunga Agosti, tunapika Njiro, kwao Arusha. Likifunga Machi, tunapika kwangu na hatutaji neno lager, maana hiyo inataka baridi.

Ipo na njia ya tatu, ya kufanya kabla ya hizo mbili, nayo haihitaji kibubu. Jumamosi moja tulikaa barazani kwa shangazi yangu Kibosho. Vikombe vyenye namba, mtu asiyejua cha nani akamimina chumbani, karatasi ya alama 50 kila mmoja na yake, na marufuku kusema mpaka wote wameandika. Tulimshirikisha shangazi, maana amepika mbege toka sisi hatujazaliwa na pua yake haijui adabu. Nilimpa IPA yangu. Akaonja, akaishika mdomoni, akameza taratibu.

"Umezidisha msesewe, baba."

"Shangazi, humu hakuna msesewe. Ni hopsi."

"Basi umezidisha hiyo hopsi."

Alinipa 22. Kwa mwonekano alinipa sifuri kati ya tatu, kwa sababu bia unayoona mkono wako upande wa pili kwake ni maji ya kusuuzia kata. Lakini ile ya mwenzangu wa Njiro alisema inanuka boksi lililonyeshewa. Tulipokwenda kuuliza, mwenyewe akakiri aliimimina toka juu wakati wa kuhamisha ndoo, ikapiga mapovu, ikaingia hewa. Kosa la hewa ndilo linaloleta harufu hiyo ya boksi, na lilionekana bila nauli ya mtu yeyote.

Mwaka huu kibubu kimekwenda kwenye shindano, kura tatu kwa moja. Anayetaka muziki atajilipia. Tulipika Julai, haidromita imesimama kwenye 1.010 siku nne mfululizo, nimeitazama mwenyewe. Jana tulikuwa kwa shangazi tena, tumekaa chini na kreti, tunapaka visoda wino mweusi kimoja kimoja ili maandishi yasionekane. Akatoka jikoni, akasimama akatutazama kwa muda.

"Kwani mmeziiba?"